Taa Chini ya Mtutu

Mume wangu alipigwa nondo na mtu aliyekuwa akila naye sahani moja. Wote wawili walikuwa walinzi wa ghala la viungo huko Kidichi. Yule mwenzake alipofukuzwa kazi alirudi jioni moja kuiba vanila. Mume wangu alimmulika kwa tochi, akamtambua, akamwita kwa jina. Jibu lilikuwa nondo ya uso. Mwizi alikimbia mikono mitupu, na jicho la kushoto la mume wangu halikuona tena.

Mimi nilikuwa mlinzi wa kampuni hiyohiyo, mmoja wa wachache tulioruhusiwa kubeba bastola, kwani zamani nilikuwa askari. Niliomba nihamishiwe Kidichi. Msimamizi nilimwambia kuwa ni karibu na kwetu. Moyoni nilijua yule mtu atarudi, maana alichokifuata hakukipata.

Niliomba pia taa ya kufunga chini ya mtutu, ili mikono yote miwili ishike bastola na bado nimwone uso. Mkufunzi wetu, mwanajeshi mstaafu aliyekaa Chukwani, aliniletea kadhaa nichague. Nikaikamata iliyokuwa kali kuliko zote. Akaniingiza kwenye chumba kilichopakwa chokaa, madirisha yamefungwa, akaniambia niiwashe. Mwanga uligonga ukuta ukanirudia machoni, nikabaki naona madoa ya kijani tu. Basi nikachukua ya wastani, ambayo swichi yake naifikia kwa dole gumba la kushoto, huku kidole cha shahada kimelala ubavuni, mbali na triga. Bastola yenye taa haikuingia tena kwenye mkoba wake wa kiunoni, ikabidi fundi wa ngozi wa Ng'ambo anishonee mwengine.

"Hii si tochi," mkufunzi alinambia. "Ukimmulika mtu, ushamwelekezea risasi. Ya kutafutia iwe mkononi, mbali na hii."

Nikamuuliza, je, nikishamjua ni nani?

Akaniuliza na yeye: "Wewe unatafuta taa au unatafuta mtu?"

Nilifanya mazoezi chumbani na bastola tupu, na kila nilipobonyeza swichi niliuona uso mmoja tu ukutani.

Yule mwizi alirudi mchana, wakati wa sala ya Ijumaa, alipodhani hapana mtu. Ghala lile halina dirisha lililo wazi, kwa kuwa jua huharibu viungo, na ndani ni giza hata saa saba. Nikakuta kufuli limekatwa. Nilimwambia mlinzi wa getini awaite polisi, nikaingia. Kwa tochi ya mkononi niliona kandambili nyuma ya magunia ya mdalasini, na mguu ndani yake. Nikaitia tochi mfukoni, nikachomoa bastola, nikawasha.

Alikuwa yeye. Alikuwa na kisu. Nilimwamuru akitupe, na huku nikimwomba Mungu asikitupe, anyanyue mguu mmoja tu kuja kwangu. Kidole changu kilibaki ubavuni, lakini kilikuwa kinaniwasha.

Kisu kikaanguka. Akapiga magoti, amejikinga macho.

"Toa mikono usoni," nilisema. Akaitoa. "Unaniona?"

"Sioni, dada."

"Hata jicho la mume wangu halioni."

Sikuizima taa. Machozi yalimchuruzika kwa ule ukali wa mwanga, nami niliyatazama kwa raha, mpaka polisi walipoingia.

Mama yake alikuja kwetu na jamaa zake kuomba suluhu. Nilimpa shikamoo, nikamtilia chai. Mume wangu alisema, "Mimi nshamsamehe." Nikamwambia mama yule kwamba huo ni msamaha wa mwenye jicho, na mwenye jicho ana haki yake. Mimi nitakwenda mahakamani.

Nikaenda, nikasema yote niliyoyaona, na kijana wake akafungwa. Mume wangu hakunisemesha siku kadhaa. Bado nafanya kazi Kidichi, na betri za taa nabadilisha kabla hazijafifia. Yule mtu akitoka jela atanikuta.