Mume Wangu Aliyechapa Sheria ya Kaseti

Mume wangu alikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali hapa Kamina, na mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Alasiri, baada ya masomo, nilinakili kaseti. Tulikuwa na radio yenye milango miwili: kaseti ya mtu unaiweka kushoto, kaseti tupu kulia, unabonyeza vitufe viwili pamoja, kisha unaendelea kusahihisha madaftari ya watoto mpaka upande uishe.

Ilikuwa vita ya pili ya nchi yetu, miaka ya tisini inakwisha. Treni zilikuwa hazipiti tena kama zamani, barua zilipotea, na watu waliokimbia kutoka upande wa Kabongo walikuwa wanalala katika madarasa yetu. Wakati ule watu walijifunza kuandikiana kwa sauti. Mtu wa Mulongo alikaa mbele ya radio, akasalimia ukoo mzima, akasema nani amezaa na nani amezikwa, kisha kaseti akampa mtu mwenye baiskeli anayekuja huku. Ikifika Kamina, kaka anataka yake, dada anataka yake, na mjomba naye anasema hawezi kuachwa nyuma. Wote walikuja kwangu. Nilinakili pia nyimbo za kwaya ya kanisa letu, mara nyingi sana, na sikuwahi kumwomba mtu ruhusa.

Mume wangu alikuwa na desturi ya kuniletea karatasi za kaboni zilizochoka kazini, maana mitihani ya wanafunzi niliandika kwa mkono, nakala nyingi kwa mara moja. Siku moja nilitoa kaboni kwenye mfuko wake nikaona bado mpya, imepigwa mara moja tu. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Maneno yote yalisomeka. Ilikuwa rasimu ya uamuzi wa ofisi: mtu yeyote asinakili kaseti, iwe ya wimbo au ya maneno, bila ruhusa ya mwenye sauti na muhuri wa ofisi. Mashini zote zenye milango miwili zipelekwe ofisini zikatunzwe. Watu watasikilizwa Jumamosi ya wiki ijayo, halafu karatasi itatiwa sahihi.

Aliporudi sikumpa hata maji ya kunawa.

"Papa, hii iko nini?"

Akaitazama, akakaa kwenye kiti polepole. "Mama, ile iko siri ya kazi."

"Siri gani? Weye njo uliandika!"

"Niliandika na vidole tu. Kichwa haikukuwa pale."

Nilitaka kukasirika sawasawa, lakini nilimjua. Miaka yote ya ukarani alipiga chapa kwa vidole viwili, cha kushoto na cha kulia, kama kuku anayedonoa mahindi. Nikamfikiria anadonoa sheria ya kumnyang'anya mke wake radio, herufi moja moja, kutwa nzima. Nikaanza kucheka. Akacheka naye, kwa kujikaza, kisha akanieleza mambo yalivyoanza.

Mwalimu wa kwaya yetu ndiye aliyeshtaki. Msafiri mmoja alikuwa amemletea kaseti iliyonunuliwa Lubumbashi. Ndani zilikuwa nyimbo zake mwenyewe, alizozitunga na kutufundisha sisi, na juu ya karatasi ya kaseti lilikuwa jina la mtu mwingine. Alizisikiliza amesimama, pande zote mbili. Kesho yake akavaa koti la Jumapili akaenda ofisini kudai haki ya mtunzi. Bwana mkubwa wa ofisi akaona hapo sheria ya kuandika.

Habari haikukaa nyumbani kwetu. Nilimwambia mama mmoja wa shamba, Mkatoliki wa kijiji cha karibu, kwa sababu kaseti yake ilikuwa mezani pangu. Binti yake aliyeolewa Mulongo alikuwa amemtumia salamu, na nyuma ya salamu analia mtoto mchanga ambaye bibi hajamwona. Utepe ulikuwa umeanza kukunjika kwa kurudiwa, na alitaka nakala kabla haujakatika. Mama yule aliwaambia watu wa parokia yake, mimi nikawaambia wa kwaya, na sokoni hakukuwa na haja ya kuwaambia. Tukaamua kuandika barua ya kupinga. Nikaiandika kwa Kifaransa, maana ofisi haikupokea barua ya Kiswahili, nikaiacha mezani.

Asubuhi niliikuta imejaa kalamu nyekundu. Mume wangu alikuwa anakunywa chai, anatazama ukuta.

"Nani alishika barua yangu?"

"Kama munapinga," alisema, "mupinge na ortografe. Pale ku ofisi banacheka makosa, banaacha maneno."

Niliinakili upya bila kosa la tahajia hata moja. Watu wakatia sahihi, na wasiojua kuandika wakatia kidole gumba.

Kabla ya Jumamosi nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya. Njiani nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilimkuta uani anatengeneza mguu wa kinanda, na kabla sijasema akanipa kigoda.

"Madamu, minyi nilisikia munakusanya vidole," alisema. "Munanikasirikia?"

"Mwalimu, batu bangine banasikia ndugu yabo mu kaseti tu. Njia ingine haiko."

Aliegemeza mguu wa kinanda ukutani. Kisha akasema, "Ule wimbo wa mavuno, nilitunga wiki tulizika mutoto yangu. Sasa kule banasema muntu mwingine njo alitunga. Iko sawa na kusema ule mutoto alikuwa wake."

Nilikumbuka kaseti zote nilizonakili na wimbo ule ndani yake. Sikuandika jina lake hata kwenye moja. Nilishuka kwenye kigoda, nikapiga goti kama tunavyofanya kwetu tukiomba radhi, nikamwambia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimemwibia.

"Simama, Madamu," alisema upesi, kama mtu aliyeona aibu. "Weye unanakili batu baimbe. Yule wa Lubumbashi alinakili ajiite minyi. Na mashini, minyi sikuomba babebe mashini ya muntu. Niliomba jina yangu."

Jumamosi uwanja wa ofisi ulijaa. Bwana mkubwa alikaa kwenye kivuli cha baraza, na kando yake, kwenye meza ndogo, mume wangu alikuwa anaandika yanayosemwa. Hakuinua macho kunitazama hata mara moja. Nilisoma barua yetu. Nilipomaliza bwana mkubwa akauliza kwa upole kama ni kitu kigumu kuomba ruhusa kwa mwenye sauti.

Mama wa shamba akasimama bila kuitwa.

"Mwenye sauti iko Mulongo," alisema. "Njia iko na basoda na bunduki yabo. Minyi nitapita wapi kumuuliza? Na tena, bwana, minyi njo nilimufundisha ule mutoto kusema. Ile sauti yake, haiko yangu kidogo?"

Hakuna aliyecheka. Bwana mkubwa alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Ndipo mwalimu wa kwaya akaenda mbele, mwenye koti lile lile, akasema ameleta shtaka na sasa anaomba lipunguzwe: anayenakili wimbo ataje kwanza aliyeutunga, na anayetaka kuupeleka mji mwingine amwulize. Radio za watu zibaki nyumbani kwao.

Uamuzi ule haukutiwa sahihi siku ile. Bwana mkubwa alisema utaandikwa upya, na mume wangu aliuandika upya, siku mbili nzima za kudonoa. Kabla haujarudi mezani, mapigano yalisogea, ofisi ikawa na mambo mengine, na bwana mkubwa akahamishwa. Sijui karatasi iliishia wapi. Lakini sisi wa Kamina tuliotaka tulishika yale aliyoyaomba mwalimu wa kwaya. Kila nakala iliyotoka kwangu ilianza na sauti yangu ikitaja jina la mtunzi na la kwaya yake, kisha wimbo. Mtu wa Lubumbashi hakupatikana. Mwalimu wa kwaya alinikubalia kwamba kidonda hakikupona, ila kiliacha kutoa damu.

Siku ile ya mkutano tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mume wangu, yeye na jalada lake kwapani. Nilimwuliza ameandika nini juu yangu. Alinifungulia. Kwa mwandiko wake wa kulala, nilisoma: "Mwanamke mmoja wa mjini alisema maneno mazuri sana."

"Mwanamke mumoja?" nilimwambia. "Miaka yote hii tunalala nyumba moja!"

"Mama, nisingeweza kuandika 'bibi yangu'. Bangesema nilipendelea."

"Na ile 'mazuri sana', haiko kupendelea?"

Akafikiri hatua kadhaa. "Ile," alisema, "nilisahau kufuta."