Mwenzake Mama kwenye Maswali ya Rabii

Mama alipoanza kuniita kwa jina la marehemu dada yake, nilimpeleka kwa daktari hapa Ibra, Omani. Daktari alimpima, akasema mwili wake una nguvu kuliko umri wake, ila akili inachoka. Aliyenipa la kufanya alikuwa muuguzi, wakati anatusindikiza mlangoni.

"Usimwache akae kimya," aliniambia kwa Kiarabu. "Muulize mambo, lakini si kama mtihani. Muulize ya msimu huu: maua, ndege, mitende. Akikosea, cheka naye."

Ulikuwa mwanzo wa rabii, majira ya kuchanua maua, na hapo ndipo tulipokwama kwanza. Mama kazaliwa Unguja, mtaa wa Malindi. Huku kaja mtu mzima, ana watoto wawili mkononi, kaka yangu na mimi. Miaka yote hiyo hajakubali kuwa rabii ni kitu cha kweli.

"Kwetu kuna masika, kuna kipupwe, kuna vuli, kuna kaskazi," alisema. "Rabii ni ya Waarabu wa milimani. Wewe niulize ya masika."

Nilimuuliza ya rabii hivyo hivyo. Kila asubuhi baada ya chai tulikaa ukumbini, mlango wa uani wazi. Mama aliegemea mto wake, mimi na simu yangu ya kutafutia maswali, na jirani yetu, mama mmoja wa Kipemba ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kujibu ovyo ili mama acheke.

"Kwa nini mawaridi ya mlima wa Jabal Akhdhar huchumwa kabla jua halijapanda?"

"Wachumaji wanaogopa kuiva," alijibu jirani.

"Kwa sababu harufu hukimbia jua," alisema mama, na ndivyo ilivyokuwa.

"Kasa akitaga pwani ya Sur, mtoto atakuwa dume au jike kwa sababu gani?"

"Kwa sababu Mungu kataka," alisema jirani.

"Kataka kwa joto la mchanga," nikawaeleza. "Mchanga ukizidi moto, hutoka majike."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho. "Basi mwaka niliokuzaa wewe Unguja iliwaka moto!"

Zilikuwa asubuhi nzuri. Nilikuwa mwalimu kabla sijastaafu, na nilijua sura ya mtu anayefurahi kujua kitu. Mama alijifunza kuwa nyuki wafanyao kazi wote ni wa kike, na kuwa mtende jike hauzai mpaka mkulima aupande kuutia unga wa ua la dume. Jioni alisahau, asubuhi akajifunza tena kwa furaha ile ile.

Kisha siku moja niliuliza mti gani wa milimani hutangulia kuchanua. Jibu lilikuwa kwenye simu: mishmishi, mti wa aprikoti. Mama alifumba macho, akageuza uso kwenye nafasi iliyokuwa tupu baina ya mto wake na ukuta.

"Ngoja," alisema. "Mwenzangu hajamaliza."

Jirani alinitazama. "Mwenzako nani, Bi mkubwa?"

"Huyu hapa. Anasema si mishmishi. Kwao hutangulia mkomamanga ulio nyuma ya mlango wa pili, kwa sababu mfereji wa falaji hupita chini ya ukuta na mizizi hainyimwi maji."

Mimi sikuwa nimelitaja jibu la simu. Hilo nililifikiri baadaye, nikiosha vikombe.

Tangu siku hiyo kila swali lilijibiwa na wawili. Mama alijibu lake, kisha alisubiri, kichwa kimeinama kidogo, kama anamsikiliza mtu mwenye sauti ndogo. Majibu ya huyo wa pili yalikuwa mafupi na ya mahali pamoja tu. Ndege gani hujenga kwa udongo? Mbayuwayu, juu ya boriti ya mlango wa pili. Maji ya falaji huwa na joto saa ngapi? Alfajiri, ukitia mguu kwenye ngazi ya chini. Jirani aliacha kujibu ovyo. Siku moja alinivuta uani.

"Mwanangu, humuoni mamako anavyoshika vitu? Anapapasa kwanza. Kama kipofu."

Nilirudi nikatazama. Ni kweli. Mama alifanyiwa operesheni ya macho zamani, anaona uzi kwenye sindano. Lakini pale aliteremsha mkono taratibu, akagusa mkeka, akaupandisha mpaka ukakuta kikombe. Macho alikuwa kayafumba. Kisha akaniuliza, kwa Kiarabu, "Kimechanua nini leo?"

Kiarabu cha mama ni cha kuvunjavunja. Hata wajukuu humcheka. Sentensi hii ilitoka safi, yenye herufi ya qafu nzito ya watu wa milimani, kama ya mtu asiyejua lugha nyingine.

Nilimpigia simu kaka yangu. Yeye anaishi Sur, upande wa Aija, na ndiye mkubwa wetu. Mambo ya ukoo yote anayajua yeye. Nilimsimulia.

"Ni maradhi," alisema. "Usimtie maneno kinywani."

"Mimi simtii. Babu mzaa mama alizaliwa Al Hamra, kule milimani, si ndivyo? Aliacha mtu huko?"

"Babu alikuwa peke yake. Wazazi wake walikufa, akaenda Unguja kijana, hakurudi. Kasema mwenyewe mara ngapi: sina ndugu. Muache mama apumzike."

Lakini mama hakutaka kupumzika. Asubuhi iliyofuata nilimkuta kashavaa, buibui begani, kakaa karibu na mlango.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Umeuliza maswali siku zote hizi," alisema. "Twende ukayaone majibu."

Nikamuingiza garini. Jirani alikataa kuja. Alisoma Ayatul Kursii akatupulizia dirishani. Tulipita Izki, tukapita Nizwa, mama akatazama nje kama mtoto anayepelekwa skuli. Hakuwahi kufika Al Hamra maishani mwake. Hakuna aliyewahi kumpeleka, kwa kuwa tuliambiwa hakuna mtu huko wa kumzuru.

Mji wa zamani wa Al Hamra ni nyumba za udongo zilizopandana juu ya mwamba. Chache zimetengenezwa kwa ajili ya wageni, nyingi zimeachwa, paa zimeangukia ndani. Ilikuwa karibu na adhuhuri, jua kali, hakuna mtu vichochoroni. Nilimpa mama mkono. Aliukataa. Alifumba macho, akaweka kiganja ukutani, akatembea.

Sikuthubutu kumwita. Alipanda ngazi za mawe zilizovunjika bila kujikwaa, akakata kona, akakata nyingine, kiganja kikifuata ukuta. Mimi nyuma yake, mwenye macho, nilijikwaa. Alisimama mbele ya nyumba isiyo na mlango, akaingia, akavuka ukumbi uliojaa vifusi, akafika kwenye mlango wa pili. Pale akaketi juu ya jiwe la kizingiti, akakunja miguu, kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake.

Nilitazama juu. Kwenye boriti palikuwa na kiota cha udongo. Mbayuwayu alichomoza kichwa, akatutazama, hakuruka.

"Nani huko?" Sauti ilitoka nje. Alikuwa mzee mmoja mwenye jembe dogo, katoka mashambani chini. Nilimsalimu, nikamwambia sisi ni wageni kutoka Ibra, asili yetu hapa. Alimwona mama kwenye kizingiti.

"Kwa nini kakaa hapo?" aliuliza.

"Kachoka," nilisema.

Mzee alishusha jembe. "Nilipokuwa mdogo," alisema, "kulikuwa na bibi kipofu akikaa pale pale. Watoto tulimwogopa na kumpenda. Hakuna aliyepita bila kuulizwa kimechanua nini leo. Ukimdanganya, alijua. Alikuwa na mkomamanga hapo nyuma, falaji ikipita chini yake. Umeshakufa."

"Alikuwa na watu wake?" nilimuuliza.

"Kaka mmoja. Alisafiri akaenda Sawahili, pwani ya Afrika, akamwambia atarudi kumchukua. Akawa anasubiri. Tukimuuliza kwa nini anataka kujua kila rabii imefika wapi, alisema kaka yake aliahidi kurudi katika rabii."

"Jina lake nani?"

Alifikiri. "Tulimwita khala, mama mdogo. Sote tulimwita khala tu. Jina lake sikulijua, Mungu anisamehe."

Mama alifumbua macho. Alitazama vifusi, akanitazama mimi, akashtuka. "Tuko wapi hapa? Pana vumbi. Nataka maji."

Njiani kurudi alikunywa maji, akala ndizi, akaonekana ni yeye. Tulipoipita Nizwa nilijikaza nikamuuliza.

"Mama, babu alikuwa na dada?"

Alifunga chupa yake ya maji. "Alimwacha," alisema kwa Kiswahili chake cha siku zote. "Aliona haya, akasema hana ndugu. Ukishasema neno kama hilo mbele ya mke na watoto, utalirudishaje?"

"Nani kakwambia? Babu?"

"Baba? Baba hakusema kitu." Alipanga mtandio wake. "Wewe uliniambia niulize, niulizwe, akili isilale. Mie niliuliza. Yeye kajibu."

Niliendesha gari mpaka Ibra.

Ijumaa ile tulimsomea hitima. Jirani alichoma ubani, majirani wakaja, halua na kahawa vikapita. Tulimtaja katika dua kama dada wa marehemu babu, kwa kuwa jina hatukuwa nalo. Kaka alikuja kutoka Sur, uso kaukunja, kaka huyo huyo aliyesema ni maradhi. Alisoma juzuu yake bila kunitazama. Watu walipoondoka nilimkuta kakaa uani peke yake.

"Nilikuwepo babu alipokuwa anakufa," alisema. "Kule Malindi. Wewe ulikuwa bado mchanga. Nilikuwa nimeshika bakuli la maji. Akauliza, 'Mlango umefungwa? Asitoke peke yake, falaji iko karibu.' Akarudia, akarudia. Wakubwa walidhani ni wewe anayekusema, ndio kwanza ulikuwa unatambaa. Mama alimjibu, 'Umefungwa baba, hatoki.' Akatulia, akafa."

"Unguja hakuna falaji," nilisema.

"Najua hakuna." Alijifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Nilijua siku ile ile kuwa hakukusema wewe. Neno lenyewe sikuwahi kulisikia mpaka siku ile."

Ndani mama alikuwa akigombana na jirani juu ya nani kala halua nyingi. Tangu tuliporudi hakugeuza uso ukutani tena. Daktari alimwona, akasema ugonjwa unakwenda kama unavyokwenda, tusitarajie zaidi. Safari ya Al Hamra kaisahau kabisa; nikimtajia husema ningemchukua siku moja, hajapaona. Maswali tunaendelea nayo. Mengi hayajui, na hapo hunitazama mimi, si mahali pengine.

Kaka hakurudi Sur siku ya pili. Alikwenda Al Hamra. Nilimpa dalili za kumtafuta yule mzee, naye akampata, akampeleka makaburini. Makaburi ya huko ni mawe tu, hayana maandishi. Mzee alionyesha upande, akasema ni moja katika haya, nafikiri hili.

Kaka alinipigia simu akiwa kasimama pale. Mtu mzima, kichwa cheupe, sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyetumwa nyumba ngeni.

"Nimesoma Fatiha," alisema. "Sasa nataka kusema naye. Nimwiteje? Sijui hata jina."

"Ni bibi yako," nilimwambia. "Mwambie shikamoo."

Aliishusha simu. Kisha nikamsikia, mbali na simu, akiamkia kwa adabu, kama tulivyofunzwa, kichwa nina hakika kakiinamisha. Baada ya hapo nilisikia upepo tu. Tulingoja, yeye kule na mimi huku, muda mrefu kuliko mtu angengoja kama hatarajii kuitikiwa. Halafu akakata simu bila kuaga, na mpaka leo hajaniambia kwa nini.