Tawi la Plaiwudi
Kila Levko, fundi vioo, anapoziba kwa plaiwudi dirisha lililovunjwa na kombora, yule mama wa ghorofa ya pili hufika na rangi zake kuchora maua kwenye ubao kabla nyundo haijapoa. Brashi yake ni manyoya ya paka wake, na paka akiiona tu hutimua mbio. Matunda mekundu huyachapa kwa ncha ya kidole, mdomo haukai kimya: "Misumari gani hii, mwanangu, imelewa?"

Jana alikuwa katikati ya kuchora ua kishindo cha kombora kilipolia ng'ambo ya mto Dnipro. Plaiwudi ikatikisika, mkono ukateleza, mstari wa kijani ukakata ubao mzima. Levko akawahi kitambaa.

"Niufute, mama, rangi bado mbichi."

"Koma! Mama yangu aliyenifundisha kuchora hakufuta, na mimi sifuti." Akautazama mstari ule kama anayekagua nguo sokoni, akachovya brashi. "Wao wenye makombora wamenipa tawi. Maua natia mwenyewe."

Ndipo Levko akainua macho kwenye madirisha mengine aliyoyaziba. Yale matawi marefu yaliyopinda, aliyodhani siku zote ni mtindo wake, yalikuwa mengi, na hakuna hata moja lililokosa maua.