Kaye Niliyoikana Mbele ya Juri

Siku ile, mu sale, ule ukumbi wa chuo cha biashara hapa Ibanda, tulikuwa hivi. Mujukuu wangu, binti wa mutoto wangu wa pili, ndiye alisimama mbele kutetea kazi yake ya mwisho. Baba yake, yaani huyo mutoto wangu, alivaa koti aliyoolea. Jirani yangu wa Nyalukemba alikuja, tumeuza naye sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, tangu mabwana zetu wangali wazima. Na mimi. Upande wa juri walikuwa watatu, na mumoja wao ni profesa aliyemuongoza mujukuu wangu mwaka muzima. Majina ya wote ninayo, hata ya mulinzi wa mulango, lakini siyaandiki. Aibu ni yangu.

Mimi na jirani tulivaa kitenge kimoja, vile inafanywa. Nyumbani kuku ilikuwa tayari, na sombe ya majani ya muhogo.

Kazi yake ilihusu sisi wauza-sambaza: namna gani muuzaji anashika wateja wake. Alikuwa anakuja kwangu mangaribi, tunachambua samaki, ananiuliza. Nikamueleza vile tunajaza kopo mupaka inafanya kilele, kisha unaongeza matabishi, kamukono kamoja ka juu. Lakini mutu wa msiba hatumupimii na kopo. Unachota na mikono miwili, unatia mu kikapu chake, huangalii. Mama mukwe wangu alinifundisha vile, na mimi nilimufundisha jirani.

Na kuna mashine ya kuandika, iko mu telefone yake. Unaiandikia, nayo inaandika. Mujukuu wangu alinionyesha: alitia maneno yangu mule, ya Kiswahili chetu hiki, ikatoa Kifaransa cha askofu. Akanisomea, akanitafsiria.

"Ee! Kumbe mimi ni mutu mukubwa hivi?"

"Koko, nyanya yangu, wewe ni direktrisi," akasema, tukacheka mupaka tukamwanga samaki.

Sikuona ubaya. Hata nguo unapeleka kwa mutu wa pasi, inabaki nguo yako.

Basi siku ya kutetea, alisema vizuri, hakutetemeka. Baba yake alikuwa anapiga goti lake kidogokidogo kwa furaha. Ndipo yule profesa akaomba neno.

"Wazazi, munisamehe," akasema. "Mwaka huu kazi zote nilizosoma zinasema na kinywa kimoja. Sijui tena ni nani nilimufundisha na ni nani aliuliza mashine. Ndiyo maana siulizi tena karatasi. Nauliza watu."

Akamugeukia mujukuu wangu. "Hapa umeandika kwamba muuzaji anaweka kaye, daftari ya wateja wenye msiba, jina kwa jina. Uliiona hiyo kaye na macho yako?"

"Ndiyo, Profesa. Niliiona."

"Na huyo muuzaji, anaweza kupatikana?"

Mutoto wangu akanisukuma bega. "Mama, simama! Wanakuita!" Nikasimama. Tangu nilipoacha masomo mu mwaka wa tatu wa primere, hakuna mwalimu aliyeniuliza kitu.

"Maman, hiyo kaye iko wapi?"

"Kaye gani, mutoto wangu? Mimi na kaye wapi na wapi? Wote wako hapa." Nikapiga kichwa changu na kidole.

Sale yote ikacheka. Na mimi nikafurahi, nikaona nimejibu vizuri, nikaanza kuwahesabia: yule mujane wa kule juu, yule aliyepoteza mapacha, yule muzee wa Bunyakiri aliyezika watu watatu mu mwezi mumoja, kila mutu na jina lake. Watu wakaendelea kucheka. Jirani akanivuta kitenge: "Ikala, dada, ikala chini!" Nikadhani ananionea wivu.

Profesa hakucheka. Alivua miwani. "Basi kaye ilitoka mu mashine," akasema, pole pole, kama mutu anayesoma jina la marehemu.

Hapo ndipo nilimuangalia mujukuu wangu. Alikuwa ananiangalia mimi, si profesa.

Juri ilitoka, ikarudi. Wakasema hakupita. Anaweza kurudi session ya pili kutetea tena, lakini lazima alete hiyo kaye. Kama hakuna, watamufuta mu chuo kwa udanganyifu, na miaka yake yote itakuwa bure.

Kuku hakuna aliyeigusa. Mujukuu wangu aliketi kwenye mulango, viatu bado mu miguu.

"Koko, kaye iko. Nilikuwa mu mwaka wa ine wa primere. Wewe mwenyewe ulinituma: andika hawa, nisije nikawapimia na kopo. Jalada yake ilikuwa ya kijani."

"Mimi?"

"Wewe, Koko. Mashine ilinyoosha Kifaransa tu. Kaye haikunipa mashine."

Baba yake akapiga meza. "Mama anasahau tangu lini? Mama anajua hata jina la mbuzi ya nyanya yake! Sema ukweli, binti!"

Sikumukataza. Kwa sababu hiyo kaye siioni mu kichwa changu. Naona kopo, naona mikono ya wale wajane, nasikia majina yao yote. Kaye, hapana. Na huyu mutoto hajawahi kunidanganya, hata kwa sukari.

Nimetafuta. Chini ya kitanda, mu sanduku, mu mufuko wa makaratasi ya mazishi ya bwana wangu. Kaye hakuna. Nikaenda chuoni, nikangojea kwenye banki ya kukalia mupaka profesa akatoka. Nikamwambia nilikosea, kaye ilikuwako.

"Maman, sasa unaikumbuka?"

Ilikuwa neno moja tu: ndiyo. Lilifika kwenye meno, likakataa. Profesa akasema, "Alikuwa wa kwanza kati ya wanafunzi wangu wote. Ungejua vile nilitaka kumuamini." Akaenda na mufuko wake, mabega yameanguka.

Mwanafunzi mumoja, mwenzake mujukuu wangu, aliandika juu ya wachimba zahabu wa Mwenga. Nani atapanda kule kuwauliza? Alipita. Wetu alikwama kwa sababu mimi nilikuwa karibu, nimevaa kitenge.

Sasa mujukuu wangu anachambua samaki nami na haniulizi kitu. Telefone anaiacha imelala. Session ya pili inakaribia.

Kwa hiyo ninyi munaosoma, hasa muliouza nami kwenye maji ao mulionunua kwangu mukiwa na msiba: kama muliona mutoto wa kike ameketi karibu na beseni yangu, ananiandikia majina mu kaye ya kijani, mukuje museme, kwangu ao kwa juri. Kama haikuwako, mukuje museme vilevile. Na kama nimekosea lolote hapa, neno la profesa, nani alikaa wapi, nani aliniambia niikale chini, munisahihishe. Zamani ningewakatalia.