Mwalimu wa Maji ya Chai na Ushauri Tulioupuuza

Wiki tatu zilizopita tulimzika jirani yangu wa zamani kule Maji ya Chai, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Tangu siku hiyo nimejaribu mara mbili kuandika safu hii nikashindwa, maana kila nilipoanza nilijikuta nagomba badala ya kuomboleza. Leo nimeamua kuandika hivyohivyo. Wasomaji wangu wa siku zote mtanivumilia. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe.

Nilipanga nyumba ya pili kutoka kwake kwa miaka sita kabla ya kuhamia Sombetini. Alikuwa mama wa Kimeru mfupi, mwenye sauti ya darasani ambayo hata kustaafu hakukuipunguza. Ukipita kwake na begi hukuondoka bila kuhojiwa. Ukimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kisha akauliza mtungi wa gesi umefungwa wapi, kwenye jiko au kwenye mtungi wenyewe, kwa sababu kwake hayo yalikuwa mambo mawili tofauti. Alitaka kujua dawa ya mtoto iko kwenye begi la mkononi au imetupwa kwenye buti la basi. Alitufundisha kugandisha kikombe cha maji kwenye friji na kuweka sarafu juu ya barafu kabla ya safari, ili tukirudi tukaikuta sarafu imezama tujue umeme ulikatika muda mrefu na nyama ile si ya kuliwa. Baridi ya Julai iliposhuka kutoka mlimani alipita nyumba kwa nyumba akikataza jiko la mkaa chumbani. Sisi vijana wa wakati ule tulimwita, kwa siri, mkaguzi. Tulimsikiliza kwa adabu, tukacheka akishapita.

Desemba moja tulikuwa tunakwenda Tanga kwa wakwe zangu, mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka mitano na mdogo wake aliyekuwa bado wa kubebwa. Siku mbili kabla ya safari, mwalimu aliniambia kwamba basi likisimama popote, mmoja wetu ahesabu watoto kwa sauti kabla halijaondoka, na mwingine arudie kuhesabu. Nikamwambia kwamba watoto wawili hawahitaji kuhesabiwa. Hakubishana. Alimwomba mke wangu gauni la maua la binti yetu, akasema pindo limeachia, akalirudisha jioni ile limeshonwa vizuri. Tukashukuru, tukalisahau.

Basi lilisimama kabla ya Korogwe ili watu wapate kula na kujisaidia. Mke wangu alikwenda kumbadilisha mdogo nepi, akaamini mkubwa yuko na mimi. Mimi nilikuwa nasubiri chipsi, nikaamini yuko na mama yake. Tulipanda kila mtu kwa mlango wake, tukakaa viti tofauti kwa sababu tulichelewa kukata tiketi, na basi likaondoka. Zilipita karibu dakika ishirini kabla simu yangu haijaita kwa namba nisiyoijua. Sauti ya mama mmoja ikaniuliza taratibu, "Wewe ni baba wa mtoto mwenye gauni la maua? Niko naye hapa kwenye meza yangu ya machungwa. Hajalia, ila amekataa kuondoka mpaka nikupigie." Nilisimama katikati ya basi nikamtazama mke wangu, naye akanitazama, na hapo ndipo kila mmoja wetu alipojua kwamba mwenzake hana mtoto.

Dereva alisema hawezi kugeuza. Nilishuka, nikachukua pikipiki kurudi, na mke wangu akaendelea na mdogo kunisubiri stendi ya Korogwe. Nilimkuta binti yangu ameketi juu ya kreti anakula chungwa. Ndani ya pindo la gauni kulikuwa na kitambaa cheupe kimeandikwa kwa wino usiofutika namba yangu na ya mama yake. Mwalimu alikuwa amemwambia mtoto, bila sisi kujua, kwamba akipotea asimfuate mtu yeyote, amtafute mama anayeuza kitu mezani, kwa sababu anayeuza haondoki, kisha amwonyeshe pindo la gauni. Mtoto wa miaka mitano alifanya yote kama alivyoambiwa. Mimi, mwenye digrii, nilikuwa nimeshindwa kuhesabu mpaka mbili.

Tuliporudi nilimpelekea mwalimu nazi na vitenge viwili, nikitegemea kumwona anafurahi. Alipokea kwa heshima, akaniketisha, akaniambia, "Mwanangu, kile kitambaa si cha kushukuriwa. Nilikishona kwa sababu nilijua hutahesabu." Nakumbuka aliniongezea chai, akaniuliza mara mbili kama mtoto analala vizuri usiku. Nadhani alikuwa ameshituka kuliko sisi.

Ndipo nilipoandika safu nzima ya mashauri yake, ya nyumbani na ya safari. Mhariri wangu wa wakati ule alisema mambo ya nepi na friji hayafai ukurasa wa maoni, yapelekwe kwenye pembe ya akina mama. Huko yalikatwa yakabaki vipande vinne karibu na mapishi ya maandazi. Sikupigania. Nilijiambia kwamba nitaandika tena vizuri siku nyingine, na nikaendelea kuandika kuhusu bajeti na uchaguzi, mambo ambayo hayajawahi kumrudisha mtoto wa mtu yeyote. Tuliamua zamani kwamba maarifa ya kuendesha nyumba ni porojo za wanawake, na aliyeyasomea na kuyafundisha kwa miaka thelathini tukamwona msumbufu.

Sasa nieleze alivyokufa. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Alianguka jikoni kwake akiwa peke yake, mumewe alishatangulia na binti yake wa pekee anafanya kazi Mwanza. Jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye aliyemkuta, mdomo umepinda na hawezi kusema. Watu walijaa haraka, sitawalaumu kwa kukosa upendo. Mmoja alikimbilia barabara kubwa kutafuta bajaji. Mwingine alichukua simu ya mwalimu, akakuta imefungwa kwa namba za siri. Wa tatu akanipigia mimi mjini, akiuliza kama nina namba ya binti yake. Sikuwa nayo. Nikamuuliza huyo aliyepiga ni dawa gani mwalimu anatumia, akasema hakuna anayejua. Nikawaambia wamlaze vizuri, nikaanza safari. Ilipita saa nzima kabla hawajapata pikapu iliyokuwa inatoka Kikwe na ndizi, wakazishusha ndizi barabarani, wakampakia yeye. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki hospitalini.

Siku ya tatu ya msiba, binti yake alifungua kabati la jikoni kutafuta vikombe vya wageni. Nyuma ya mlango wa kabati kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni. Ilitaja dawa anazotumia na dawa inayomdhuru, namba ya binti yake, mahali kadi yake ya kliniki ilipo, na jina la dereva mstaafu wa nyumba ya nne, mwenye gari, aliyekwisha kukubali kuitwa saa yoyote. Dereva huyo asubuhi ile alikuwa nyuma ya nyumba yake anamwagilia kabichi. Hakuna aliyemwita. Binti alitoka na ile karatasi mpaka uani tulipoketi, akatuuliza kwa sauti ya chini sana, "Hii mlikuwa mnaijua?"

Mwalimu alikuwa ametuonyesha wote, kila nyumba, na kutusihi tubandike za kwetu. Mimi alinionyesha mara mbili. Nikajibu, "Tulikuwa tunaijua." Binti akaikunja, akarudi ndani kugawa chai.

Daktari alimwambia binti kwamba kwa kiharusi cha namna ile hawezi kusema kama saa moja ingebadili kitu. Nalishika neno hilo kwa haki, sitaki kutunga uhakika usiokuwepo. Lakini sitaki pia kujificha nyuma yake. Makaburini tuliambiana kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nami naamini hivyo. Ila kushindwa kufungua mlango wa kabati haikuwa kazi ya Mungu, ilikuwa yetu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huku kwetu sisi tusiosikia tuko wazima, aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba hatuna upungufu wa ushauri. Katika simu yangu yamo makundi manne yanayotumiana kila asubuhi namna ya kutunza mboga, kutuliza mtoto anayetapika safarini, kuzuia wezi ukiwa likizo. Tunasoma, tunaweka kidole gumba, tunamtumia mwingine, na tunahisi kama tumeshafanya. Jumapili iliyopita nilirudi Maji ya Chai, nikapita nyumba saba za jirani zake kuuliza nani ameandika karatasi yake tangu msiba. Mbili. Mama mmoja alinieleza kwa unyoofu kabisa kwamba anasubiri apate karatasi nzuri isiyochanika.

Nilirudi kwangu Sombetini nimekasirika, na jikoni nikakumbuka kwamba hata mimi sijaandika. Niliandika nikiwa bado nimevaa viatu, nyuma ya risiti ya mafuta ya taa, kwa kalamu ya mwanangu. Mwandiko ni mbaya na karatasi ni ndogo. Kujua jambo na kulifanya ni nyumba mbili zilizo mbalimbali, na wengi wetu tunaishi ile ya kwanza tukidhani tumeshafika ya pili. Basi msomaji, usinitumie ujumbe kwamba safu ya leo imekugusa. Weka gazeti chini, nenda ukaandike.