Siku Tulipopuliza Filimbi ya Mwethya Gatina, Mtaa Ukadhani Ni Vita

Wakuu, niaje.

Hii story nimeikalia tangu ile mambo ya uchaguzi wa 2007. Leo naitoa yote, hata pale ninapoonekana mjinga. Kama ulikuwa Kawangware wakati huo, sema kama nimeongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa milango, Mkamba wa Machakos, jina Mutua. Nilipoingia Nairobi sikuwa na ndugu wala kitanda. Aliyenipokea ni Mama Shiro, mama Mkikuyu aliyekuwa na kibanda cha chakula pale Gatina.

Nililala ndani ya hicho kibanda wiki tatu, kichwa juu ya gunia la viazi. Kabila langu hakuniuliza hata siku moja. Aliniuliza tu kama nakoroma.

Sasa, baada ya matokeo kutangazwa, mnajua vile ilikuwa, majirani wakageukiana kwa kabila. Kibanda cha Mama Shiro kilichomwa mchana kweupe.

Mimi nilikuwa nyumbani kwangu, mlango wa tatu kutoka hapo. Nilichungulia dirishani, nikaona moshi, nikarudi kukaa kitandani.

Sikutoka, wakuu. Niliogopa. Hiyo aibu sijawahi kuizoea mpaka leo.

Siku chache baadaye nikampata chumbani kwake, nyuma ya palipoungua, anafunga mizigo. Kaka yake alikuwa aje na pickup Jumamosi saa nane mchana amrudishe ushago, kijijini kwao.

"Siwezi kukaa mahali hakuna hata mtu mmoja alitoka nje," akaniambia.

Sikujua kama ananisema mimi.

Nikakimbia kwa kikundi chetu. Sisi Wakamba wa Kawangware na wa Kibera tuna kitu tulibeba kutoka nyumbani, kinaitwa mwethya. Mtu akipatwa na janga, nyumba ikianguka kwa mfano, filimbi inapulizwa na kila mtu anatoka mbio na chombo chake cha kazi. Jembe, panga, nyundo, chochote. Hakuna malipo. Unakula sahani ya muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, yakapikwa na maharagwe, halafu unaenda zako.

Wengine walikataa. Ati mwethya ni ya Wakamba, na wakati huu kila mtu ajichunge.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Mwende, muuza vyondo wa Kitui, na mdomo wake hauna breki. Akasimama: "Huyo mama alimlaza Mutua wiki tatu, na hiyo miguu yake inavyonuka. Nani kati yenu angeweza?"

Watu walicheka mpaka wakashindwa kukataa tena. Mimi nilijikaza kisabuni.

Tukapanga Jumamosi asubuhi. Na hapa ndipo ujinga wetu ulipoingia, wakuu, kwa sababu hakuna aliyefikiria kuwaambia majirani. Hata Mama Shiro hatukumwambia. Kwetu aliyeumia hasumbuliwi na maswali, unafika tu na jembe.

Jumamosi ikafika. Wenzetu wa Kibera wakaja kwa miguu. Nikapuliza filimbi kwa nguvu zangu zote.

Hebu jiweke kwa viatu vya jirani. Ni Januari 2008. Unasikia filimbi, unachungulia, unaona watu kama arobaini wanakuja mbio na panga!

"Woi! Wamekuja kutoka Kibera!" mama mmoja akapiga nduru.

Milango ikaanza kufungwa, pa pa pa. Mama Shiro naye akajifungia. Vijana wa mtaa, wengi wao Waluhya, wakatokea upande wa juu na mawe mikononi. Na aliye mbele kabisa ni mimi, filimbi mdomoni, kama kamanda.

Ndipo akili ikanirudia. Nilitaka kutoroka, lakini nikaona mlango wa Mama Shiro, nikajiambia, Mutua, si mara ya pili.

Nikaweka nyundo chini, nikainua mikono. "Ni mimi, Mutua fundi! Tumekuja kumjengea Mama Shiro!"

Jiwe moja likanipata gotini.

Sikurusha kitu. Nyuma yangu nikasikia jembe likiwekwa chini, halafu panga, halafu lingine, mpaka wote wakabaki mikono mitupu.

Hapo Mama Mwende akapita katikati yetu, sufuria ya muthokoi kichwani, akaenda moja kwa moja kwa wale vijana.

"Na nyinyi, hayo mawe mnayapeleka wapi? Hapa mvua ikinyesha maji hupita chini. Yaleteni tuweke msingi!"

Kijana mmoja mrefu, niliyewahi kumtengenezea mlango, akaangalia jiwe lake. Akaangalia sufuria. Akacheka, akaja akaliweka palipokuwa na nguzo ya kwanza. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wengine kwa sababu ya njaa tu, sitadanganya.

Tukaanza kazi. Baada ya muda Mama Shiro akatoka. Akasimama karibu nami, nami nikashindwa kunyamaza.

"Mama, siku ile nilikuwa ndani. Niliona moshi."

"Najua," akasema. "Niliona pazia lako likisonga."

Machozi yalinitoka mbele ya watu wote.

"Sasa shika hiyo mbao vizuri," akaniambia. "Inaenda upande."

Kaka yake alipofika saa nane alitukuta tumefika juu, bado mabati tu. Akapewa sahani. Akiwa bado anakula, dada yake akamtuma na ile pickup Riruta kuchukua mabati ya zamani kwa rafiki yake. Mizigo haikupakiwa.

Nilichojifunza: ukichelewa kumsaidia mtu, aibu isikufungie ndani. Enda hivyo hivyo umechelewa. Na kama mnaenda na panga, tafadhali, ambieni majirani kwanza!

Jiwe lililonipiga liko hapo chini ya nguzo ya mlango. Nikiingia kunywa chai, Mama Shiro huliangalia, halafu ananiuliza goti linaendeleaje.

Nyinyi wakuu, nani alitoka nje kwa ajili yenu wakati ule? Na kama ulibaki nyuma ya pazia kama mimi, andika pia. Hapa hatuchekani.