Shangazi Kaanika Mkanda Wangu wa Picha

Jamani, nina hasira!

Mnajua najifunza kupiga picha, kwa ile kamera ya sanduku aliyoniachia karani wa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya. Juzi nikapiga harusi ya dada yangu Somoe. Mkanda nikaufungia kabatini, niusafishe leo chumbani, gizani.

Narudi kutoka kisimani, nakuta mkanda wote umekunjuliwa, unaning'inia kambani juani, juu ya makopa ya muhogo!

Shangazi anatabasamu. "Ulikuwa na unyevu, mwanangu. Nimekuanikia usije ukaota ukungu."

Kila kitu kwake ni kuanika!

Jua limeshaunguza sura zote, na Somoe kaenda kijijini Sudi kwa mumewe.

Nikauanua mkanda taratibu. Dada wa baba huyo, hagombezwi.

Akaniuliza, "Na ile picha niliyovaa kanga mpya, inatoka lini?"

Haya, mjibuni nyinyi.